Sukari ya Katikati ya Msimu

Mimi sina huruma na mtu wa kuzima na kuwasha. Mashine ikikwama, mwenye akili hutafuta imekwama wapi. Mvivu huizima, akaiwasha, akaenda kunywa chai. Nimewaambia hivyo wote waliopitia mikononi mwangu kwa miaka kumi na sita katika ushirika wetu wa maziwa hapa Eldoret, na wengine walilia. Wanaolia mimi huwaonyesha mlango wa choo, kwa sababu meza ni ya kazi.

Jina langu ni Leonida, lakini kazini naitwa Madam. Mimi ndiye msimamizi wa kompyuta. Nawaambia mapema, msije mkaniuliza baadaye: katika habari hii mimi si mtu mzuri. Mtaisikia kwangu tu, maana yule mwingine anayeijua alishaisema mara moja na hakuna aliyemwamini.

Kabura alikuja kwetu Februari. Mwanamke wa miaka thelathini na minne, mpole, sauti ya chini, aliyekuwa akifundisha kompyuta kwenye shule moja ya sekondari. Kule alikuwa na kazi ya kudumu. Aliiacha ili aje kwetu, na nafasi yake ikajazwa wiki hiyo hiyo. Sisi tukampa barua ya majaribio ya miezi mitatu, mwisho wake tarehe thelathini Aprili. Akifaulu anaandikwa, akishindwa anaenda, na shuleni hakuna kiti tena. Aliniambia mwenyewe siku ya kwanza, "Madam, mimi sina pa kurudi." Nikamjibu, "Basi chapa kazi."

Sasa, seva yetu haiko Eldoret. Zamani ilikuwa chini ya meza yangu ikinguruma mchana kutwa, lakini siku hizi tunaikodi kwa kampuni moja ya ng'ambo. Wao wana makompyuta makubwa huko waliko, wanayagawa vipande vipande, na kila kipande kinajifanya kompyuta nzima. Yetu ni kipande kimoja. Karani akipima maziwa Plateau au Kiplombe, kilo zinasafiri mpaka kwenye hicho kipande, jina la mkulima linatokea, risiti inatoka. Kipande kikipotea, karani hapimi, mikebe inapangana juani, na maziwa hayana subira.

Jumatatu ya pili ya Machi, saa moja na nusu asubuhi, kikapotea. Simu ikalia. Ni Kim, karani wetu wa Plateau.

"Madam, imeenda! Niko na watu arubaini hapa, na maziwa zinaharibika!"

Kabura aliingia kupitia dirisha la dharura ambalo ile kampuni huwapa wateja wake. Mashine ilikuwa hai. Kumbukumbu zote ziko, hakuna kilichovunjika, ila haikuwa na anwani. Ni kama simu isiyo na laini: inawaka vizuri tu, lakini humpati mtu. Akaizima, akaiwasha. Ikaamka na anwani yake, Kim akapima maziwa, tukadhani imeisha.

Jumanne, saa moja na dakika thelathini na nne, ikapotea tena. Jumatano, thelathini na nane. Alhamisi, arubaini na mbili. Kila mara Kabura anazima, anawasha, inarudi. Kufikia Ijumaa nilikuwa nimemwita Mama Zima-Washa mbele ya ofisi nzima, na jina likashika. Kim akipiga simu hakuuliza tena kama Kabura yuko, aliuliza, "Mama Zima-Washa ameamka?" Hata mlinzi wa getini alimsalimia hivyo. Nilicheka, tena kwa sauti.

Yeye hakucheka wala hakununa, na hilo liliniudhi zaidi. Alinunua daftari, akawa anaandika saa mashine inapoamka na saa inapopotea. Jumamosi na Jumapili pia ni yeye aliyeiamsha, akitumia simu yake mwenyewe. Jumapili moja alitoka kanisani katikati ya mahubiri, akaketi kwenye nyasi na nguo yake nzuri, akaiwasha seva ya watu waliomcheka. Nilisikia hiyo habari Jumatatu na nikasema vizuri, angalau Mungu naye amemwona akifanya kazi.

Siku ya tisa alikuja mezani kwangu na daftari lake. "Madam, haianguki kwa saa ya ukutani. Inaanguka saa ishirini na nne kamili baada ya kupewa anwani. Ndiyo maana kila siku inasogea dakika nne; hizo ni zile ninazochukua kuizima na kuiwasha. Nafikiri ni risi."

"Ni nini?"

"Risi. Ile ya anwani."

Watu wakainua vichwa. Lugha ya kwao Kabura haina L, na mimi nilijua alichotaka kusema. Anwani ya mashine kama ile si mali yake. Inapewa kwa muda, kama shamba la kukodi, na huo mkataba wa muda ndio unaoitwa lisi. Lakini nilimfanya arudie mara tatu, "Lisi. Sema lisi," kama mtoto wa nasari, mpaka macho yake yakajaa. Kuna aliyecheka huko nyuma. "Ukiweza kuitamka," nikamwambia, "urudi tuizungumze." Akafunga daftari, akarudi kwenye kiti chake.

Kesho yake aliniomba ruhusa awe anaizima mashine saa kumi na moja alfajiri, kabla maziwa hayajaanza kufika, ili ianguke wakati ambao haimuumizi mtu. Lilikuwa wazo zuri. Nikakataa. "Kwetu mashine haizimwi ikiwa nzima," nikasema. "Tafuta ugonjwa." Akasema sawa, Madam, atautafuta.

Akautafuta, na akaupata.

Jumamosi hiyo, saa tisa mchana, nilikuwa nimekaa nje kwangu Kimumu nikichambua managu, nikaona mtu langoni. Kabura. Amevaa nguo ya kanisani, amebeba mfuko. Ndani ya mfuko mlikuwa na kilo mbili za sukari, pakiti ya majani chai na mkate.

"Umefiwa?" nikamuuliza.

"Hapana, Madam. Nimekuja kukuamkia."

Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema, na wa kwake haukuwa mtupu. Niliupokea mfuko, nikamwonyesha kiti cha plastiki. Alikaa pembeni kabisa ya kiti, magoti pamoja, akaanza kunisimulia habari za baba yake. Nilikaribia kumkatiza.

"Baba anaitwa Mzee Thuo," akasema. "Hana shamba lake. Miaka ishirini na miwili analima ekari nne za Mama Jebet kule Kiplombe. Mama Jebet hajawahi kumwandikia karatasi hata moja. Na baba hajawahi kungoja mavuno ndiyo aulize habari ya mwaka ujao. Mahindi yakifika magotini, anavaa koti, anabeba sukari na majani, anaenda kumwamkia. Wanazungumza mvua, wanazungumza watoto, mwishowe anaomba msimu mwingine. Asipoenda, Mama Jebet hatamfukuza. Atanyamaza tu. Msimu ukiisha, baba atakuta mtu mwingine shambani."

"Na hiyo inanihusu nini, Kabura?"

"Mashine ni hivyo hivyo, Madam. Ndani yake kuna programu ndogo, kazi yake ni moja tu. Nusu ya muda ikifika, zikipita saa kumi na mbili, inaamka inaenda kuomba anwani tena. Ikishapewa, inalala. Haingoji mpaka muda uishe. Sasa yetu inalala lakini haiamki, kwa sababu kuna kitu kinaiua usingizini." Akatoa kurasa mbili za daftari, zimeandikwa kwa mkono, mwandiko wa mwalimu. "Ni Fagio."

Hapo mboga ikanitoka mkononi.

Fagio niliiandika mimi. Ile Jumapili kabla ya Jumatatu ilipopotea mara ya kwanza, mashine ilikuwa nzito, nikakaa nikaandika programu ya kuisafisha. Inapita kila dakika kumi, na ikikuta kitu kimekaa tu bila kufanya kazi, inakifukuza. Programu nilizozijua niliziorodhesha zisiguswe. Mstari wa kumi na saba ndio uliosema: yeyote asiye kwenye orodha, nje. Na hii ya kuomba anwani sikuwa naijua. Iliketi pale kimya ikingoja saa zake, mimi nikaiona mvivu. Jina langu lilikuwa juu ya faili, pamoja na tarehe.

Mpaka siku hiyo sikujua, jamani. Hilo naapa. Kilichofuata nilikijua chote.

"Sijamwambia Edwin," Kabura akaendelea. Edwin ndiye meneja wetu. "Nyumbani tunasema mtu haendi kwa chifu kabla hajaenda kwa mwenye shamba. Na hizi karatasi sijaweka nakala nyingine, usije ukafikiri nakuwekea mtego. Utoe tu huo mstari, Madam. Si lazima mtu ajue. Mimi naomba tu unikumbuke mwezi wa nne ukiisha. Ndiyo maana nimekuja sasa, katikati ya msimu."

Niseme nilivyohisi? Niliona aibu, halafu nikaona hasira, na hasira ikawa kubwa kuliko aibu. Miaka kumi na sita watu wananiogopa kwa kujua, leo mwalimu wa sekondari anakaa kwenye kiti changu cha plastiki kunifundisha mashine yangu kwa mahindi ya baba yake! Tena kwa upole. Angekuja na matusi ningemjibu. Alikuja na mkate.

"Umefanya vizuri kuja kwangu kwanza," nikamwambia. "Wewe ni mtu wa heshima. Lakini hiyo faili usiiguse, kuna mambo mengine ndani yake hujayaelewa. Huo mstari nitautoa mwenyewe. Mpaka nikuambie, wewe endelea kuwasha tu."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mungu akubariki, Madam." Alipotoka langoni niliwasha jiko kwa zile kurasa mbili, nikachemsha chai, nikatia vijiko vitatu vya sukari yake. Ilikuwa chai tamu.

Mtauliza kwa nini sikuutoa mstari Jumatatu nikamaliza maneno. Ningeutoa, mashine ingepona. Ikipona, Edwin angeuliza ilikuwa nini. Hata nikimdanganya, Kabura angekuwa ndiye aliyeitibu, angethibitishwa kazi, na kila asubuhi ningemwona akipita mbele yangu na kile anachokijua. Mtu anayejua kosa lako na kukunyamazia kwa heshima ni mzigo. Nilitaka aende. Na nilitaka aende kabla mashine haijapona.

Basi nikangoja. Jumatatu nilimwondolea ruhusa ya kubadilisha faili, nikamwambia ni utaratibu mpya. Aprili ikaingia na mvua zake, malori yakakwama kwenye matope, na mashine ikaendelea kuanguka kila siku, ikisogea dakika nne nne: saa tatu kasoro, saa tatu, saa nne. Wakulima wakaanza kuja ofisini wenyewe. Mama mmoja alimimina maziwa yaliyoharibika kwenye ngazi, miguuni pa Kabura, akamwambia, "Kunywa basi, wewe ndiye umeyapika." Kabura alisema pole mama, akachukua tambara, akapiga deki. Mimi nilikuwa juu dirishani. Sikushuka.

Mara mbili aliniuliza. Mara ya kwanza kwenye korido, kwa sauti ya chini: "Madam, ule mstari?" Nikasema nitashughulikia. Mara ya pili ni baada ya yale ya ngazi, bado viatu vyake vinanuka maziwa. Nikamwambia, "Kwani ulileta sukari ili unisukume?" Uso wake ukaingia giza, akasema hapana, Madam, samahani. Hakuuliza tena. Nafikiri hata baba yake hamwombi Mama Jebet mara tatu.

Na kila Ijumaa Edwin aliponiuliza habari ya mashine, nilimwambia tunafuatilia, iko mikononi mwa Kabura, na nikaguna kidogo. Mguno hauandikwi popote, lakini bosi huusikia.

Tarehe thelathini Aprili, saa nne na nusu, tulikaa ofisini kwa Edwin watu wanne: yeye, Priscah wa ofisi ya wafanyakazi, Kabura na mimi. Mbele ya Priscah kulikuwa na barua mbili, moja ya kumthibitisha Kabura na nyingine ya kumwachisha kazi. Asubuhi hiyo, saa moja, nilikuwa nimeufuta mstari wa kumi na saba. Ile programu ya kuomba anwani ilikuwa imeshafukuzwa tangu jana yake, kwa hivyo nilijua mashine ingeanguka mara moja zaidi, kisha basi.

"Kabura," Edwin akasema. Si mtu mkali, ila alikuwa amechoka. "Hii ni wiki ya nane. Kila siku tunaaibika. Niambie tu, shida ni nini?"

Kabura aliniangalia. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa ananipa nafasi. Alidhani ndiyo siku niliyokuwa nikiingojea, niseme mwenyewe kwa maneno yangu, nisiaibike. Nikaangalia dirishani, mvua ilikuwa inaanza.

"Madam anajua," akasema mwishowe.

"Najua nini?" nikauliza. "Uliniandikia wapi?"

Aligeuka akaniangalia tena, na safari hii uso wake ulikuwa unatafuta kitu kwangu na haukioni. "Ni Fagio," akasema, akiwageukia wengine. "Mstari wa kumi na saba. Ndio unaoua programu inayoomba anwani. Fungueni faili muone."

Edwin akafungua, akageuza skrini ili wote tuone. Mistari kumi na sita, imeisha. Kabura akasogea karibu, akahesabu kwa kidole. Akarudi juu, akahesabu tena, midomo ikicheza.

"Ulikuwa hapa," akasema. "Madam, nilikuletea karatasi. Nilikuja nyumbani."

"Ni kweli ulikuja," nikasema. "Ulileta sukari."

Priscah akaacha kuandika. "Sukari ya nini?"

"Muulize yeye. Kilo mbili, na majani, na mkate. Akaniomba nimkumbuke mwezi wa nne ukiisha. Hayo ni maneno yake, nikikosea anirekebishe."

Hakunirekebisha. Angenirekebisha vipi? Kila neno lilikuwa lake. Kungekuwa na uwongo ndani yake hata kidogo angeushika akaupigania, lakini nilikuwa nimempa ukweli mtupu, na yeye si mtu wa kukana ukweli.

"Kabura," Priscah akasema, "ulimpelekea msimamizi wako zawadi, nyumbani kwake, ukiwa kwenye majaribio?"

"Nilienda kumwamkia," akasema. "Kwetu, ikifika katikati ya msimu, mtu..." Alitazama meza, barua mbili, saa ya ukutani, akaona hakuna pa kuanzia.

Edwin alishusha macho. Yeye ni mtoto wa shamba, mama yake ana ekari zake upande wa Kiplombe, na kila mwaka wanaolima kwake huja na mifuko kama ile. Alielewa. Nilimwona akielewa. "Hata kwetu hufanyika," akasema polepole. Halafu akamwangalia Priscah, akaona kalamu iko juu ya karatasi, akakohoa. "Lakini hapa ni ofisini, Kabura. Hapa hiyo ina jina lingine."

Saa tano kasoro dakika sita, simu yake ikalia. Sauti ya Kim ilisikika mpaka upande wetu: "Imeenda tena, bosi! Huku wanataka kunipiga!"

Kabura alisimama. Ni mazoea tu, siku hamsini na zaidi, mwili wake ulisimama wenyewe na mkono ukashika kitasa cha mlango.

"Keti," nikamwambia. "Hiyo si kazi yako tena."

Nilienda mimi. Nikafungua dirisha la dharura, nikazima, nikawasha. Dakika nne. Niliporudi, barua moja ilikuwa imetiwa sahihi na nyingine imechanwa mara mbili, vipande viko kwenye pipa la taka. Kabura alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake kifuani.

"Madam," akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia, "kwani nilikukosea wapi?"

Hakunikosea popote. Ningemwambia nini, kwamba aliniheshimu na mimi sikuweza kuvumilia? Akageuka, akashuka ngazi. Hakuwa na mwavuli, na mvua ilikuwa kubwa.

Kesho yake, Alhamisi, ilipofika saa tano kasoro, ofisi nzima ilikuwa inatazama saa. Ikapita tano kamili. Ikapita na robo. Kim akapiga simu kuuliza kama kuna tatizo, mbona hakuna tatizo. Ijumaa, kimya. Jumamosi, kimya. Wiki ikaisha mashine haijaanguka, na wiki ya pili, na mwezi.

"Kumbe ni yeye!" watu wakasema. Wengine walisema alikuwa anaizima makusudi ili aonekane wa maana. Wengine wakasema alikuwa na kisirani tu, kuna watu wa hivyo, wakigusa kitu kinakufa. Mlinzi wa getini alisema alimwona siku moja akiongea peke yake na daftari. Mimi sikusema lolote, sikuhitaji. Edwin alinipa mkono mbele ya wafanyakazi wote na kunishukuru kwa uvumilivu wangu, na macho yake hayakukutana na yangu.

Mwezi wa saba nikapigiwa simu na mama mmoja, sauti ya heshima, kutoka chuo kimoja cha ufundi. Nilikuwa peke yangu ofisini, mlango umefungwa, saa nane mchana.

"Samahani kwa kukusumbua, Madam Leonida. Kuna mtu anaitwa Kabura ameomba kazi kwetu. Katika wote waliokuja, ndiye tuliyempenda. Tumebakisha kuwauliza waliofanya naye kazi, na amekuandika wewe."

"Mimi?" nikasema. "Ameniandika mimi?"

"Wewe peke yako. Nilimuuliza kwa nini asimweke mwalimu mkuu wa shule yake ya zamani. Akasema wewe ndiye unayeijua kazi yake kuliko mtu yeyote. Tena akasema ukiulizwa kwa upole, utasema kweli."

Nilikaa na simu sikioni. Baada ya yote yale, mwanamke yule alikuwa amekuja tena langoni kwangu, mikono mitupu safari hii, kuniomba. Na ilikuwa rahisi. Mama yule hanijui, mimi simjui, hakuna Edwin, hakuna Priscah, hakuna anayeandika. Maneno machache tu: mstari ulikuwa wangu, yeye ndiye aliyeuona, mchukueni. Nilifungua mdomo nikiwa nataka kuyasema. Nawaambia nilitaka.

Halafu nikamwona Kabura akiambiwa amepata. Nikamwona akishukuru Mungu kwa ajili yangu, kwa ile sauti yake ya chini, akimwambia baba yake si nilisema, Madam ni mtu mzuri. Nikakumbuka mikono yake miwili juu ya mkono wangu. Ile hasira ikapanda tena, ile ile, haikuwa imepungua hata kidogo.

"Alipokuwa hapa mashine yetu ilikuwa inaanguka kila siku," nikasema. "Kila siku, wiki saba. Tangu aondoke, haijaanguka hata mara moja."

Mama yule akarudia: "Hata mara moja?"

"Rekodi ziko. Mje muone."

Nilisikia kalamu yake ikipita kwenye karatasi. "Asante sana, Madam," akasema. "Umetuokoa."